Barua ya malalamiko kuhusu masega ya eksozi yaliyoangusha gari langu kwenye kipimo cha moshi

Nyamirambo, Kigali
2 Machi 2026

Meneja Mauzo,
Kampuni ya Vipuri vya Magari,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MASEGA YA EKSOZI YASIYOFANYA KAZI NA MADAI YA KURUDISHIWA FEDHA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu wa tarehe 14 Januari mwaka huu. Nilinunua kwenu masega ya eksozi, yaani kile kifaa cha kwenye bomba la moshi kinachosafisha gesi za injini kabla hazijatoka nje, ya Toyota Corolla ya mwaka 2004, injini ya 1ZZ-FE, kwa shilingi 480,000 za Tanzania. Mliniandikia risiti na mkanitumia mzigo kwa basi hadi Kigali. Kijana wenu wa mauzo alinihakikishia, na ujumbe wake wa sauti ninao mpaka leo, kwamba ni "mapya, daraja la kwanza, gari linapita kipimo popote". Gari halikupita. Sababu yake nimeshaijua, na ndiyo maana naandika barua badala ya kuendelea kupiga simu ambayo kwa wiki nzima sasa haipokelewi.

Tangu tarehe 25 Agosti 2025, magari huku Rwanda yanapimwa moshi kwa lazima. Mpimaji anachomeka mrija kwenye tundu la eksozi, injini inaunguruma taratibu, kisha inakanyagiwa mafuta, na mashine inasoma gesi zinazotoka: monoksidi ya kaboni, hidrokaboni, oksijeni na nyinginezo. Mimi ni dereva, na gari hili ndilo linalolipa ada za watoto. Lakini msidhani ninalalamikia kipimo. Mtaani kwetu barabara inapanda mlima, na magari yakipanda yanaachia moshi wao usawa wa madirisha ya watu. Mtoto wangu wa pili ana pumu. Kipimo hiki nakitaka, na nilikwenda kukitafutia kifaa kwa nia njema.

Gari lilianguka mara ya kwanza mwezi Desemba. Hilo halikunishangaza, kwa sababu masega yake ya kiwandani yalikuwa yamevunjika ndani, ukitikisa bomba unasikia vipande vinagongana. Nikawatafuta ninyi.

Mzigo ulipofika, ndani ya boksi mlikuwa na kitu ambacho sikukiagiza. Kilikuwa kidude cha chuma chenye urefu wa kidole gumba, kimefungwa kwa kipande cha gazeti, kina nyuzi kama za skrubu nje na ndani, na katikati kimetobolewa tundu dogo, kijiti cha kiberiti kinapita kwa shida. Nikapiga simu kuuliza. Nikajibiwa: "Hicho fundi akifunge kwenye sensa ya nyuma, ni kinga ya joto, tunawapa wateja wote." Nikaamini. Fundi akafunga kama mlivyosema, taa ya injini ikazimika, nami nikaenda kituoni nikiwa na moyo mweupe.

Karatasi ya kipimo ilisoma monoksidi ya kaboni asilimia 0.81 injini ikiunguruma taratibu na 0.74 ikikanyagwa. Nikaanguka tena. Nilipowatumia picha ya karatasi hiyo, jibu lenu lilikuwa mstari mmoja: "Injini yako imechoka, inakula oili."

Ndugu Meneja, naomba usome sehemu hii kwa utulivu, kwa sababu jibu hilo si kweli. Oili ya injini hii naiangalia kila Jumamosi kwa kijiti, na tangu nilipoibadilisha haijashuka hata nusu ya alama. Zaidi ya hapo, karatasi ileile mliyotumiwa imeandika lamda 1.01. Mafundi wenu wanajua maana yake: hewa na petroli vinachanganyika sawasawa, takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Injini inayochoma vizuri hivyo bado hutoa monoksidi kidogo, na kazi ya masega ni kuimalizia, kuigeuza kaboni dioksidi kabla haijatoka nje. Mchanganyiko ukiwa sawa na monoksidi ikabaki juu, wa kuulizwa kwanza ni masega.

Fundi wangu hakuishia hapo. Aliliendesha gari mpaka likapata moto vizuri, akapima joto la bomba kabla ya masega na baada yake. Mbele nyuzi 262, nyuma 214. Masega yanayofanya kazi huzalisha joto yenyewe, kwa hiyo nyuma hutarajiwa pawe na moto kuliko mbele. Haya yenu yalikuwa yakipoa kama bomba lolote. Tukayafungua kwenye gari tukachungulia kwa tochi. Sega lililomo halizidi upana wa vidole vitatu, vitundu vyake vikubwa vya kuhesabika, na nyuma yake ni bomba tupu. Masega hulipiwa fedha nyingi kwa ajili ya platinamu, paladi na rodi zilizopakwa humo. Mimi nimelipia ganda.

Kisha akaking'oa kile kidude na kuirudisha sensa mahali pake. Siku ya pili tu taa ya injini ikawaka, na mashine ikasoma P0420, yaani masega hayasafishi. Hapo ndipo nilipoelewa kilikuwa cha nini. Sensa ya nyuma ndiyo inayoiambia kompyuta ya gari kama masega yanafanya kazi. Kidude chenu kinaitoa sensa kwenye mkondo wa moshi ili isione kitu, na taa inyamaze.

Kuuziwa kifaa kibovu kunaweza kumtokea mtu yeyote, hata muuzaji mwaminifu aliyedanganywa na aliyemletea. Hilo ningelisamehe. Lakini aliyeweka kidude kile ndani ya boksi alijua kabla hajalifunga kwamba masega hayatafanya kazi. Alijua, akaniambia ni kinga ya joto, akapokea fedha.

Mwisho wa yote nililazimika kununua masega ya kiwandani yaliyotumika, kwenye gereji moja Gatsata, hapa Kigali. Gari lilelile, injini ileile mnayosema imechoka, ikasoma monoksidi asilimia 0.03. Karatasi zote tatu za kipimo nimeziambatanisha, pamoja na risiti yenu na picha za kidude.

Naomba nirudishiwe shilingi 480,000 za masega, 35,000 za kusafirisha mzigo, pamoja na ada ya kipimo cha pili na ujira wa fundi wa kufunga na kufungua, kama stakabadhi zinavyoonyesha. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Kifaa kinachouzwa kwa kazi maalumu kinapaswa kuifanya kazi hiyo, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inalitambua hilo. Msiponijibu, nitapeleka nyaraka hizi Tume ya Ushindani hapohapo Dar es Salaam. Ningependa zaidi tumalizane wenyewe.

Kuna ombi jingine, na kwangu lina uzito kama fedha. Siku ninalipia mliniambia kwa furaha kwamba mimi ni mteja wenu wa tano kutoka Kigali kwa masega ya aina hii. Wale wanne wamefungiwa kidude hicho, taa zao zimezima, na pengine bado hawajafika kituoni. Tafadhali wapigieni simu sasa, kabla hawajalipa ada na kupoteza siku ya kazi kama mimi.

Masega yenu hayajakatwa wala kuchubuliwa. Yako ndani ya boksi lenu, na kidude pembeni yake. Niambieni nipakie basi lipi.

Wenu,
Mteja wa risiti ya tarehe 14 Januari 2026