Kabla hujakata tiketi ya Iquitos

Mwenzangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema miaka tisa baada ya ile ajali, ukisikia breki zikilia mwili bado unakufa ganzi, na sasa unataka kwenda Iquitos, Peru, kunywa ayawaska, kile kinywaji cha maono cha waganga wa msitu wa Amazoni. Sikukatazi. Ila kuna jambo umelitaja kwa mstari mmoja tu, kama la kupitia: kwamba bado unameza vidonge vya sonona. Hapo ndipo nilipokosa usingizi.

Kinywaji kile huchemshwa kwa mimea miwili. Majani ya chakruna yana DMT, kemikali iletayo maono, ambayo ukiimeza peke yake huvunjwavunjwa tumboni kabla haijafika kichwani. Ule mmea wa pili, unaotambaa mitini, ndio unaozuia kimeng'enya kinachoivunja. Washipibo, wenyeji wa asili wa Amazoni ya Peru, na jirani zao wa msituni walilijua hilo bila maabara, na mwaka 2008 Peru ikayatangaza maarifa hayo kuwa urithi wa taifa. Lakini kizuizi hichohicho kikikutana na vidonge vyako, serotonini, kemikali ya ubongo ambayo vidonge hivyo huigusa, inaweza kupanda kupita kiasi: homa, kutetemeka, moyo kwenda mbio, hata kifo. Na usije ukaviacha ghafla ili uwahi safari! Hupunguzwa polepole, daktari akijua.

Umeniuliza kama inaponya kweli. Wapo wanaosimulia kwamba walitapika (huko kutapika ni tiba, si aibu), mganga akaimba ikaro, wimbo wa uponyaji, gizani, nao kwa mara ya kwanza wakalitazama tukio lao bila kulikimbia. Nawaamini. Wapo pia waliorudi na hofu mpya, na wanawake walioingiliwa na waganga haohao wakiwa hawajiwezi. Kwa hiyo uliza nani mwingine atakuwa chumbani usiku huo.

Kwa upande wa hospitali, kati ya dawa za namna hii iliyopimwa zaidi kwa kiwewe ni MDMA (ile ya kulevya iitwayo pia ecstasy), tena ikiambatana na vikao vingi vya mazungumzo kabla na baada. Australia imewaruhusu madaktari wa akili wenye kibali kuitumia tangu Julai 2023. Marekani waliikataa Agosti 2024. Mimi vile vikao vya baada ndivyo vinavyonivutia. Wewe ukishatoka msituni, utaongea na nani?

Niandikie jina la vidonge na unavimeza vingapi kwa siku. Na usilipe hata senti kabla hatujaongea.

Wako yuleyule