Dada, nisamehe kwa nililokuambia kaburini

Dada yangu,

Miezi minne imepita tangu tumzike Mama Mkubwa, na bado sijakuomba radhi. Nilikushika mkono pale kaburini nikakuambia, "Kazi ya Mungu haina makosa." Uliniangalia, ukanyamaza, kisha ukauvuta mkono wako taratibu. Wiki iliyopita uliponiuliza kwenye simu kama kweli naamini tutamwona tena, au ni maneno tu ya msibani, nilijiumauma, nikasingizia mtandao. Mtandao ulikuwa mzima. Sikuwa na jibu ambalo nisingeona aibu kulitamka. Nakujibu sasa, tena hadharani, maana najua si wewe peke yako uliyefarijiwa vibaya.

Siku ile kila mtu alikuja kwako na Ayubu: "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." Nimerudi kumsoma. Maneno yale aliyasema Ayubu mwenyewe, juu ya watoto wake mwenyewe waliokufa, wote kumi. Hakuambiwa na mtu. Na sura mbili mbele, huyo huyo anailaani siku aliyozaliwa. Rafiki zake watatu walipofika walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Hapo walifanya vema. Walipofungua vinywa kumtetea Mungu ndipo walipoharibu, hata Mungu mwenyewe mwishoni akawakasirikia. Mimi sikuweza kunyamaza hata dakika saba.

Sasa swali lako. Fungua Yohana sura ya 11. Lazaro ana siku nne kaburini. Martha anatoka kumlaki Yesu na kumwambia, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Baadaye Mariamu anakuja na sentensi ile ile. Nadhani walikuwa wakiambiana hivyo siku zote nne mle ndani, kama wewe na mimi tunavyosema "laiti tungemwahisha mapema." Yesu hamkemei yeyote kati yao. Kwa Martha anasema, "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima." Kwa Mariamu hasemi hata hilo, anauliza tu wamemweka wapi, kisha analia. Analia akijua kwamba muda si mrefu atamwita yule maiti atoke! Basi yeyote atakayekuambia kuwa machozi yako ni upungufu wa imani, mwelekeze pale. Paulo naye hukatwa ulimi kila msibani. Wanamnukuu "msihuzunike" na kuishia hapo, ilhali sentensi yake inaendelea: kama wengine wasio na matumaini. Alikataza huzuni ya namna moja, hakukataza huzuni.

Paulo huyo huyo, akiwaandikia Wakorintho, anakiita kifo adui. Adui wa mwisho atakayebatilishwa. Kwa hiyo nafuta kauli yangu ya kaburini. Yako mengi nisiyoweza kuyapanga kuhusu Mungu na saa ya mtu, lakini sitakipa adui jina la Mungu tena mbele yako.

Ila Lazaro peke yake hanitoshi. Alitoka kaburini akiwa amefungwa sanda, ikabidi watu wamfungue. Akarudi kwenye maisha yale yale, na haukupita muda makuhani wakuu wakafanya shauri la kumuua yeye pia. Hata kama walimkosa, siku moja alikufa tena. Maskini, dada zake kama walikuwa hai walilia mara mbili. Hilo ni kuahirishiwa tu.

Ruka hadi sura ya 20. Petro anaingia kaburini mwa Yesu, anakuta vitambaa vya sanda vimelala, na leso ya kichwani imekunjwa mahali pa peke yake. Yesu hakufunguliwa na mtu, na hatavihitaji tena. Wanafunzi hawakuwa wakitarajia hilo. Wanawake walikuwa wamekwenda na manukato ya kupaka maiti. Mariamu Magdalene alimdhania mtunza bustani mpaka alipoitwa kwa jina lake. Tomaso akaonyeshwa makovu. Hapo ndipo nilipokaa muda mrefu, dada. Mwili mpya, mauti haiuwezi tena, na bado una makovu yale yale na sauti ile ile inayokuita jina. Paulo anamwita Kristo "limbuko", neno la watu wa shamba: mavuno ya kwanza, yanayoonyesha kwamba mengine yako njiani. Tukimngoja Mama Mkubwa, hatungoji moshi wala kumbukumbu nzuri. Tunamngoja yeye, na ile sauti yake ya kukuita kwa jina zima ukichelewa.

Je, naamini? Ndiyo. Kuna usiku naamini kwa shida. Usiku huo hunisaidia kukumbuka kwamba barua ile ya Wakorintho iliandikwa miaka 20 na kitu tu baada ya kaburi lile kukutwa wazi, na Paulo anataja watu zaidi ya 500 waliomwona, wengi wao wakiwa bado hai. Mtu anayetunga hadithi hataji mashahidi wanaoweza kuulizwa.

Ulisema bado hujaufuta ujumbe wake wa sauti, ule wa mwisho, na kwamba wengine wanakuambia uufute ili "upone". Usiufute. Jumamosi nitakuja. Sitakuja na mstari wowote, hii barua inatosha. Ukitaka tuusikilize pamoja, tutausikiliza. Usipotaka, tutakaa tu.

Mdogo wako