Maziwa Yakichemka Vijidudu Hufa, Kemikali Hubaki

Swali tunaloulizwa na wateja kuliko yote ni hili: "Si nikishayachemsha tu yanakuwa salama?" Maziwa mabichi ni lazima yachemshwe, na hapo hatuna mjadala. Moto unaua vijidudu vya kifua kikuu, vya brusela na vile vinavyoharisha watoto. Sisi wenyewe kiwandani tunayapasha hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15 kabla hayajaingia kwenye pakiti. Lakini kuna vitu vinavyoingia kwenye maziwa ambavyo havina uhai, kwa hiyo moto hauna cha kuua. Mabaki ya dawa za mifugo, sumukuvu (sumu inayotengenezwa na ukungu), viuatilifu (dawa za kuua wadudu wa mazao) na kemikali zinazotiwa kwa makusudi hupita kwenye sufuria yako na kufika mezani. Hivyo vinazuiwa kabla maziwa hayajakufikia, na kazi hiyo ni yetu na ya wafugaji wetu.

Tulilijua hilo kwa uchungu. Asubuhi moja tulifungua tangi la mtindi tukakuta maziwa. Usiku wake tulikuwa tumeyapoza hadi nyuzi 43, tukatia mbegu ya mtindi ileile ya kila siku, tukafunika. Kwa kawaida baada ya saa tano au sita ukichomeka kijiko kinasimama. Siku ile kijiko kilizama, na maziwa yalikuwa mepesi na matamu kama tulivyoyaacha. Tukadhani mbegu imekufa. Basi tukatoa kwenye friji sampuli za kila mfugaji za siku iliyotangulia, tukazipasha na kuzipoza, tukatia mbegu ileile kwenye vikombe vidogo vilivyoandikwa namba, tukasubiri. Vyote viliganda isipokuwa kimoja.

Tulipompigia simu mwenye namba ile, hakuficha. Ng'ombe wake mmoja alikuwa na ugonjwa wa kiwele, akamtia dawa ya penisilini kwenye chuchu, na kesho yake akayachanganya maziwa yake na ya wengine kwa sababu yalionekana mazuri. Na kweli yalionekana mazuri. Hayakuwa na harufu wala rangi ngeni, na laktomita, kifaa cha kugundua maziwa yaliyotiwa maji, ilisoma sawasawa. Bakteria wa mtindi ndio walioonja tusichoweza kuonja sisi. Penisilini imetengenezwa kuua bakteria, na hawa wa mtindi ni wepesi sana kufa nayo, hata ikiwa kidogo mno.

Tangi zima tulilimwaga. Hasara iliuma, ila kilichotutia hofu zaidi ni wazo la kwamba yale maziwa yangeweza kuuzwa mabichi, bila kugandishwa, na hakuna ambaye angejua. Mtu mwenye mzio wa penisilini anaweza kutoka vipele, kuvimba au kubanwa na pumzi kwa kiasi ambacho mwingine hakisikii. Na anayemeza dawa kidogo kidogo kila siku bila kuugua anawazoesha vijidudu vya mwilini mwake dawa hiyo, hadi siku anayoihitaji ikose nguvu. Kanuni za Codex, yaani viwango vya chakula vinavyotambuliwa kimataifa, zinaruhusu mikrogramu 4 tu za benzilipenisilini kwa kilo moja ya maziwa. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu.

Tangu siku ile kila keni linapimwa mabaki ya antibiotiki kwa kijiti kabla halijamiminwa pamoja na mengine. Mfugaji anayetibu ng'ombe anatuambia, tunaandika jina la dawa na siku za kusubiri zilizo kwenye lebo yake, na maziwa ya ng'ombe huyo hayapokelewi hadi siku hizo ziishe. Hatumtozi faini anayesema ukweli. Tukifanya hivyo watajifunza kuficha, na sisi tunahitaji watuambie. Ndiyo sababu kuna siku unakuta mtindi umekwisha mapema.

Sumukuvu ni habari nyingine, na kwa maoni yetu ndiyo inayostahili kuogopwa zaidi, kwa kuwa haimfanyi mtu augue leo. Inaanzia kwenye chakula cha ng'ombe. Mahindi, karanga au mashudu yakihifadhiwa yakiwa na unyevu yanaota ukungu, na aina fulani za ukungu huo hutengeneza sumu iitwayo aflatoksini. Ng'ombe akiila, ini lake linaigeuza kuwa aflatoksini M1, nayo inatoka kwenye maziwa ndani ya saa 12 hadi 24. Sehemu ndogo tu ya aliyoila ndiyo inayofika huko, asilimia chache, lakini maziwa hunywewa kila siku, na wanaoyanywa zaidi ni watoto. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeziweka aflatoksini katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Zinashambulia ini, na kwa mtu ambaye tayari ana homa ya ini aina ya B hatari huongezeka maradufu na zaidi. Kiwango cha juu cha Codex ni mikrogramu 0.5 kwa kilo ya maziwa. Umoja wa Ulaya umebana zaidi, 0.05.

Kupasha moto hakuiondoi. Kuyagandisha kuwa mtindi hakuiondoi. Jibini ndilo linalotufanya tuwe wakali zaidi, maana sumu hii hushikamana na protini ya maziwa. Lita kumi za maziwa zinapokuwa kilo moja ya jibini, maji yanatoka na protini inabaki, na sumu inabaki nayo. Viuatilifu vya zamani kama DDT hufuata njia tofauti kabisa: vyenyewe vinapenda mafuta, kwa hiyo hujikusanya kwenye krimu, siagi na samli. Mtu anayekwepa maziwa ya maji akikimbilia jibini au siagi kwa kudhani ni safi zaidi huenda hajakwepa kitu.

Habari njema ni kwamba ng'ombe akibadilishiwa chakula, aflatoksini kwenye maziwa yake hushuka haraka na baada ya siku tatu au nne inakuwa imekwisha. Kwa hiyo tunatembelea maghala. Tunapeleka mkono ndani ya gunia hadi chini, kwa sababu ukungu huanzia kwenye kona iliyogusa sakafu, tunanusa, tunavunja punje na kutazama ndani. Tumewapa wafugaji mbao za kuwekea magunia yasikae chini. Ni kazi ndogo, haina mashine, na tunaamini imesaidia kuliko kipimo chochote tulichonunua. Hata hivyo hatutegemei macho pekee, kwani sumu inaweza kuwamo hata ukungu usipoonekana. Sampuli za maziwa zinakwenda maabara.

Halafu kuna sumu inayotiwa na mkono wa mtu. Mchuuzi anaona maziwa yanakaribia kuchacha, anatia haidrojeni peroksaidi au fomalini yakae. Mwingine anatia magadi kuua uchachu. Fomalini ndiyo inayohifadhia maiti, na kemikali iliyo ndani yake, fomaldehaidi, nayo inajulikana kusababisha saratani. Kwa hiyo ukiacha maziwa mabichi kwenye joto siku nzima na kesho yake hayajachacha wala kuganda, usishangilie kwamba umepata maziwa imara. Maziwa mabichi ya kweli huchacha. Yasipochacha, kuna kitu kinawazuia bakteria, na kitu hicho hakikutoka kwenye kiwele.

Pengine umesikia ya China mwaka 2008. Maziwa yalizidishwa maji, kisha yakatiwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki. Kwa nini melamini? Kwa sababu kipimo cha protini kilichozoeleka hakipimi protini yenyewe, kinapima naitrojeni, na theluthi mbili ya uzito wa melamini ni naitrojeni. Karatasi ya kipimo ikasoma vizuri. Watoto wachanga takriban 300,000 waliugua, zaidi ya 50,000 wakalazwa, na 6 walikufa, wengi wakiwa na mawe kwenye figo ambayo mtoto wa umri ule hapaswi kuwa nayo. Zaidi ya miaka hamsini kabla yake, mwaka 1955 huko Japani, maziwa ya unga ya watoto yalitiwa kemikali ya kuyaimarisha ambayo ilikuwa na aseniki ndani yake, na zaidi ya watoto 100 walikufa. Kule hakuna aliyekusudia kudhuru. Hakuna aliyeipima kemikali ile kabla ya kuitia.

Sisi hatutii kitu kwenye maziwa zaidi ya mbegu ya mtindi, na kwenye jibini chumvi na kimeng'enya cha kugandishia. Hata sabuni tunayooshea mabomba inasuuzwa kwa maji safi, na maji ya mwisho yanapimwa kama bado yana sabuni.

Popote unaponunua, kwetu au kwingine, uliza maswali mawili: maziwa haya yamepimwa antibiotiki? Na chakula cha ng'ombe kinakaguliwa na nani? Muuzaji anayejua kazi yake hatakasirika. Ukinywa maziwa ukatoka vipele au kuvimba midomo, acha, nenda hospitali na uende na pakiti. Na ikiwa mtindi wetu umekuja na ladha usiyoielewa, usiumwage. Uache kwenye friji, utupigie simu na kututajia namba iliyopigwa muhuri chini ya pakiti. Kwa namba hiyo tunafungua daftari na kujua ni wafugaji gani walioleta maziwa siku ile, na sampuli zao tunakuwa nazo bado kwa siku saba.