Mwanaidi, usiwafiche kazi ya mikono

Mpendwa Mwanaidi,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Sisi wazima, na Baba Salha goti limemwachia kidogo. Mengine tutaongea kwa simu, maana ujumbe wako wa juzi umenikosesha raha na nataka nikujibu kabla hujaanza hilo darasa la tai chi.

Kwanza hongera! Mwalimu alipoondoka nilijua kikundi kitakuangukia wewe, na sioni mwingine aliyestahili. Ila uliposema utafundisha miondoko tu, mambo ya kujihami uyaache kabisa kwa sababu hao ni wazee wanaotafuta afya, hapo moyo ukanishtuka. Nimeusoma ujumbe tena na tena. Tafadhali, usifanye hivyo.

Sisemi uwafunze wazee kupigana. Nasema wajue kila mkono unakwenda wapi na unamfanya nini mtu aliyesimama mbele. Chukua ule wa kutenganisha manyoya ya shingo ya farasi, mwondoko wa pili katika ule mfululizo wetu wa miondoko 24. Asiyeambiwa kitu atapeperusha mkono wa kushoto juu, wa kulia atauteremsha, na mguu utatua utakapotua. Sasa msimamishie mwenzake mbele yake, arushe ngumi ya kulia, polepole. Mkono wa kulia unamdaka kwenye kifundo cha mkono na kumvuta chini. Ndiyo maana unaishia kwenye nyonga. Mguu wa kushoto unaingia nyuma ya mguu wake. Mkono wa kushoto unapita chini ya kwapa lake na kumlalia kifuani, kisha kiuno kinageuka, naye anakwenda chali. Ni mtama huo, Mwanaidi! Na mtu akishauona huna haja ya kumkumbusha kila asubuhi kwamba kiuno chake hakijageuka. Anajua mwenyewe kwamba kiuno kisipogeuka, yule haanguki.

Unakumbuka Bi Zuhura na ule mwondoko wa korongo mweupe? Kila tukifika pale, mguu wake wa mbele unakaa bapa, uzito umegawanyika katikati. Mwalimu akimwambia "mguu mtupu, mguu mtupu", yaani usiobeba uzito, anaitikia, kesho yale yale. Mpaka siku alipouliza mguu huo una kazi gani. Mwalimu hakusema neno. Alimwita Kassimu amshike, mkono mmoja akaupandisha, mwingine akaubonyeza chini, na ule mguu ukanyanyuka wenyewe, ncha ya kiatu ikaishia karibu kabisa na ugoko wa Kassimu. Bi Zuhura akacheka mpaka machozi. Tangu hapo sijamwona akiukanyaga tena.

Halafu hiyo afya unayoitaja, mbona imo humo humo? Mzee akimaliza mwondoko wa kupangusa goti na kusukuma, mwambie abaki hapo hapo. Weka kiganja chako kwenye kiganja chake, umsukume taratibu. Goti la mbele likiwa limelala kwa ndani, atayumba ubavuni. Kama amejiinamia ili afikishe mkono mbali, utasikia nguvu zake zimeishia mabegani. Akijipanga vizuri, msukumo wako unapita mkononi, mgongoni, unashuka hadi kwenye kisigino cha nyuma, naye hata hahangaiki. Goti lililojipanga hivyo ndilo lisilouma baada ya mwaka. Hata kule kurudi nyuma kwenye mwondoko wa kumfukuza nyani: vidole vinatangulia kugusa chini, uzito unabaki mbele mpaka mguu wa nyuma upate pa kukaa. Tafiti zimeshaonyesha kwamba tai chi huwapunguzia wazee kuanguka, na kwa macho yangu siri iko hapo, kwenye kutokabidhi uzito wako kwa mguu usioaminika. Mtu anaifanya kwa makini zaidi akijua kuna anayemvuta.

Umesema pia kwamba mfululizo wa 24 ulitungwa China mwaka 1956 kwa ajili ya afya ya wananchi. Ni kweli. Lakini miondoko yake ilitolewa kwenye mtindo wa Yang, na Yang Luchan, aliyejifunza katika kijiji cha ukoo wa Chen mkoani Henan kisha akaenda kufundisha Beijing katika karne ya 19, alikuwa mpiganaji. Mjukuu wake Yang Chengfu ndiye aliyeieneza ile namna laini, ya polepole, tunayoifanya sisi. Wamepunguza urefu, wamepunguza kasi, lakini mkono bado unadaka na mguu bado unaingia nyuma ya mguu.

Upande wa pili, Kassimu naye asikupeleke kusiko. Najua atataka uwatangazie watu kwamba wakimaliza miezi michache hakuna mhuni atakayewagusa. Usiwaahidi hilo hata kidogo. Mfululizo peke yake haumwandai mtu kwa anayemjia kwa hasira na kisu. Hilo linataka lile zoezi la wawili la kusukumana mikono, kwa muda mrefu, na mwenzako asiyekuonea huruma, na hata hapo anayedai simu apewe simu. Ninaloweza kulitetea ni dogo na la kweli: akishikwa kifundo, ageuze kiganja juu na kuuvuta mkono kuelekea nyonga, upande wa kidole gumba cha aliyemshika, kwa maana hapo ndipo mshiko wowote ulipo dhaifu, huku kiganja cha pili kikienda usoni. Ni kumfukuza nyani kule kule, na mzee wa miaka sabini anaweza kulifanya.

Ila kwenye mwondoko wa kupiga kinanda uwe mwangalifu. Mkono mmoja unamshika mwenzako kwenye kifundo, mwingine unasukuma kiwiko chake kutoka nje. Ukikaza kidogo tu kiwiko cha mzee kinaumia. Hapo onyesha wewe mwenyewe na mtu mwenye nguvu zake, wao watazame. Na wanaoshikana wasiache kuzungumza, aseme "basi" anayeumia, na "basi" iheshimiwe.

Nina video nilizorekodi wakati mwalimu anaonyesha matumizi ya mwondoko wa kushika mkia wa ndege, zile nguvu nne zote, kupokea, kuvuta nyuma, kubana na kusukuma. Ningependa uanzie hapo kabla ya mengine, kwa kuwa wawili wanaweza kuzungushana mikono bila mtu kuanguka. Nikutumie?

Na nijibu haya haraka: wako wangapi, na kuna waliofanyiwa upasuaji wa nyonga au goti? Mnafanyia ndani au uwanjani, na chini kunateleza? Bi Zuhura atakubali kusimama nawe mbele? Umeshamwambia Kassimu kwamba wewe ndiye mwenye kauli ya mwisho, au bado unamwonea haya? Na ule ujumbe uliotaka kuwaandikia wanafunzi, umeshautuma, au naweza kuusoma kwanza?

Ni mimi mwenzako,
Rukia