Watengenezaji wa droni wasitukumbuke wakati wa kuuza tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kero ambayo sisi tunaojipatia riziki kwa droni tumeinung'unikia muda mrefu bila kuifikisha mahali. Kampuni zinazotengeneza vyombo hivi hutuchangamkia sana tunapotaka kununua. Chombo kikishaharibika, hatuna wa kumwendea.

Mimi ni mpima ardhi, niko Morogoro. Kazi zangu nyingi ni ramani za urasimishaji makazi, mashamba, na kupima ujazo wa kokoto machimboni. Msimu uliopita droni ninayoitegemea ilianza kutoa picha zenye ukungu. Gimbali, yaani kile kishikio chenye mota kinachofanya kamera isitikisike, ilikuwa inatetemeka kila droni ilipofika mwisho wa mstari na kugeuka. Mpiga picha za harusi angeweza kuzikata sehemu hizo na mambo yakaenda. Mpima hawezi, kwa sababu programu inayounga mamia ya picha kuwa ramani moja inatafuta alama zilezile kwenye picha kadhaa zinazopandiana. Picha zikiwa na ukungu, ramani inatoka na mapengo, au mpaka wa kiwanja unasogea.

Fundi wa Kariakoo aliifungua akakuta waya mwembamba wa utepe umechanika. Spea ikapatikana, akaifunga kwa ustadi, nikimwangalia. Tulipoiwasha, ukaja ujumbe kwamba gimbali haijalinganishwa na kamera yake, na kamera ikabaki imeinama upande. Ulinganisho huo hufanywa kwa programu ambayo kampuni inawapa vituo vyake yenyewe tu, na kituo nilichoelekezwa kiko nje kabisa ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo fundi ninaye, spea ninayo, chombo ni changu na risiti ipo, lakini ufunguo wa mwisho anao mtu aliye ng'ambo.

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Wa kwanza akataka kumbukumbu za safari za droni, nikatuma. Akaja wa pili akataka kumbukumbu zilezile. Wa tatu akaniambia nisafirishe droni pamoja na betri zake zote, ikiwemo moja iliyokwisha vimba. Wakala wa usafirishaji akaikataa hapohapo, na alikuwa na haki: betri ya lithiamu iliyovimba hairuhusiwi kupanda ndege, kwa kuwa inaweza kuwaka moto. Nilipowaeleza hivyo, wakanirudishia maelekezo yaleyale neno kwa neno. Mwisho wa yote wakanipa punguzo la bei ninunue toleo jipya.

Punguzo hilo ndilo lililoniuma kuliko hata ule usumbufu. Toleo jipya halitumii betri zangu wala chaja zangu. Ni usajili mpya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ni kuanza upya kufuatilia vibali, kikiwemo cha Wizara ya Ulinzi, ambavyo kila mrusha droni nchini anajua vinavyochukua muda. Wakati huo wote mteja anasubiri ramani, na mvua zikianza mawingu yanashuka hakuna kinachopigwa. Pikipiki ikikufia Gairo utapata fundi kabla jua halijazama. Chombo cha mamilioni ya shilingi kinalala kabatini kwa sababu ya kibali cha kompyuta.

Najua nitaambiwa nihamie kampuni nyingine. Tumekwisha kuona hayo. Kampuni ya Marekani ya 3D Robotics ilitoa droni yake ya Solo mwaka 2015, na mwaka uliofuata ikaacha kutengeneza droni. GoPro iliingiza droni yake ya Karma sokoni mwaka 2016, ikawataka wanunuzi wairudishe baada ya wiki chache kwa kuwa ilikuwa inazimika ikiwa angani, na kufikia Januari 2018 ikatangaza kujitoa katika biashara hiyo. Hata droni ya eBee ya kampuni ya senseFly ya Uswisi, iliyorushwa na vijana wa Chuo Kikuu cha Taifa Zanzibar kupiga picha Unguja na Pemba kuanzia 2016, mtengenezaji wake aliuzwa kwa kampuni ya Marekani mwaka 2021. Anayehama anahama na hofu ileile.

Na kampuni hizi zisisahau nani aliyezijengea jina huku kwetu. Halmashauri, wawekezaji wa mashamba na mashirika ya misaada wanapotaka droni hawasomi matangazo, wanatuuliza sisi tunaorusha. Nimewahi kupendekeza aina moja miaka nenda miaka rudi, kwa moyo mmoja, kwa sababu angani ni chombo kizuri kweli. Uaminifu huo tumeutoa bure, na hatuombi tulipwe kwa huo. Tunaomba kituo kimoja chenye mamlaka kamili Dar es Salaam au Nairobi, na programu ya ulinganisho itolewe kwa mafundi waliosajiliwa.

Jambo hili linawezekana. Jimbo la Colorado huko Marekani lilipitisha sheria mwaka 2023 inayowalazimisha watengenezaji wa matrekta na zana nyingine za kilimo kuwapa wakulima vipuri, programu na maelekezo ya matengenezo. Umoja wa Ulaya nao ulipitisha mwongozo wa haki ya matengenezo mwaka 2024, ingawa orodha yake ina mashine za kufulia na simu, droni hazimo. Sisi tunayo Sheria ya Ushindani ya 2003 na Tume ya Ushindani inayomlinda mlaji. Naiomba Tume iwaite wauzaji wa droni na kuwadai waandike, kabla mteja hajalipa, ni wapi chombo kitatengenezwa kikiharibika, kwa muda gani, na vipuri vitapatikana kwa miaka mingapi.

Halmashauri zinazoandaa zabuni za droni mwaka huu ziweke masharti hayohayo kwenye makabrasha yao, bila kusubiri Tume.

Mpima ardhi,
Morogoro