Ugoro wa mzee

Kwako shoga yangu Mwajuma,

Salaam nyingi kutoka Ujiji. Huku wazima, ila migebuka imepanda bei. Nikimbilie jambo lenyewe: umesema mzee, mwenye ugonjwa wa Parkinson, ule wa ubongo unaoleta kutetemeka, karudia ugoro kwa sababu kaambiwa unazuia kutetemeka!

Maneno hayo yana chembe ya ukweli, ndiyo maana yananitia hofu. Sweden, mwaka 2017, ziliunganishwa takwimu za wanaume zaidi ya 300,000. Kati ya wale ambao hawajawahi kuvuta sigara, watumiaji wa snusi, tumbaku yao ya kuweka mdomoni, walipata Parkinson kwa kiasi cha asilimia 60 pungufu. Lakini hao walikuwa bado hawajaugua, na mzee tayari anaumwa. Wagonjwa wa Parkinson walibandikwa nikotini, kile kilevi cha tumbaku, kwenye ngozi mwaka mzima, Ujerumani na Marekani. Majibu ya 2023 yakaonyesha ugonjwa haukupunguza kasi hata kidogo. Tena huenda ubongo unaoanza kuugua huikinai tumbaku mapema, mkono ukiwa bado haujatetemeka. Basi wanaobaki nayo wakaonekana wamekingwa.

Na ugoro wa Urambo anaotumia mzee si snusi. Snusi hupashwa joto, sumu ya nitrosamini ikabaki kidogo. Wa kwenye kikopo cha mzee umetiwa magadi, na magadi ndiyo yanayoifanya nikotini ipenye ufizi upesi. Mfunue mdomo wa chini, pale pale anapoubwia: ukiona doa jeupe lenye mikunjo lisilofutika, au kidonda kilichopita wiki mbili, mpeleke akaonwe. Saratani ya mdomo huanza kimya.

Cha kushikilia ni ile levodopa, dawa yake ya Parkinson. Anywe nusu saa kabla ya kula, kwa maana nyama, maharage na dagaa hushindana nayo kuingia mwilini. Ikimchefua, kipande kidogo cha muhogo kinatosha, maziwa hapana. Na asiikatishe ghafla, Mwajuma, hata ikiwa amechoka nayo. Anaweza kukakamaa mwili mzima na kupandwa na homa kali. Akiacha ugoro wenyewe, siku mbili tatu za mwanzo ndizo zenye hasira na kukosa usingizi. Mvumilieni.

Sasa niambie: dozi anazipata kwa saa zile zile? Choo je? Akisimama anapata kizunguzungu? Akitembea, mkono wa kushoto unapunga au unaning'inia tu? Na kikopo anacho nani?

Wako,
Zainabu