Mimi nilikata mnara wa tangi, jirani anaongeza ghorofa

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu tangu watoto wangu wakiwa shule ya msingi, na leo hao watoto wana watoto. Sijawahi kuwaandikia. Lakini ile habari yenu ya wiki jana kuhusu maghorofa yanayouzunguka uwanja wa ndege wa Wilson imeninyima usingizi, hasa pale mwenye jengo mmoja alipodai kwamba uwanja ndio uhame kwa kuwa watu wameshajenga.

Wamejenga wakimkuta nani? Bi Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni yake ya ndege mwaka 1929, na uwanja ukapewa jina lake mwaka 1962. Mimi na marehemu mume wangu, aliyekuwa fundi wa ndege hapo, tulihamia Lang'ata tukisikia injini zikiwashwa kila alfajiri. Hakuna aliyetuficha kitu.

Mume wangu ndiye aliyenieleza habari ya vimo, kwa rula na daftari la mtoto. Kwa viwanja vikubwa vya ndege, alisema, kipimo cha kimataifa huanza mita 60 kutoka mwisho wa njia ya kurukia, kisha mstari wa kikomo cha kimo unapanda mita 1 kwa kila mita 50. Jengo lililo nusu kilomita mbele ya pale mstari huo unapoanzia halipaswi kuzidi mita 10. Na mita hizo huhesabiwa kutoka usawa wa uwanja. Udongo wa ploti yako hauhusiki. Hilo ndilo watu hawalijui. Ardhi ya kwetu inapanda kuelekea Ngong, kwa hiyo aliye kwenye mwinuko mita zake zimeshaliwa na udongo kabla hajaweka jiwe la kwanza. Isitoshe, Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, injini inakosa nguvu, na ndege iliyojaa mafuta na watu hupanda polepole, hasa jua la mchana likiwaka. Kusini kuna Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ambako hakuna wa kuinua ghorofa. Shida yote iko upande wetu.

Sasa sikilizeni yaliyonipata. Miaka sita iliyopita niliweka mnara wa chuma wa kuinulia tangi la maji, kwa sababu wapangaji wangu wa juu walikuwa hawapati maji bafuni. Kabla ya kuujaza maji nikaona niulize, maana ndivyo nilivyofundishwa nyumbani mwangu. Nikaenda katika ofisi moja mjini, nikaelekezwa nimlipe mpima ardhi, nikamlipa. Jibu likaja kwamba mnara upunguzwe mita 2. Sikubishana. Nilimwita fundi wa kuchomelea, akaukata mchana mmoja nikiwa nimesimama chini namtazama, na tangu siku ile wapangaji wa juu wanapandisha maji kwa ndoo kila asubuhi. Wawili wamehama. Mwaka jana, ploti ya tatu kutoka kwangu ukaanza mjengo. Bango lilisema ghorofa nne. Mjukuu wangu na mimi tumehesabu slabu nane, na vyuma vya nguzo bado vimechomoza juu kama mtu ambaye hajamaliza. Nilimwendea msimamizi nikamuuliza kwa heshima kama wana kibali cha kimo. Akanijibu, "Mama, hiyo karatasi ya ndege hutafutwa mwisho." Nikarudi katika ofisi ileile na namba ya ploti nimeiandika kwenye karatasi. Mara ya kwanza nikaambiwa faili iko kwa mwenzao aliye likizoni. Mara ya pili mwenzao alikuwa amerudi, faili haikuonekana. Mara ya tatu nikaulizwa kama nina kesi ya shamba na huyo jirani. Mimi! Nilitoka pale nikitetemeka. Aliyeuliza alikatiwa mnara, asiyeuliza anamwaga slabu ya tisa. Kama ndivyo, nani mwenye akili zake atakwenda kuuliza tena?

Kuna watakaosema hakuna ndege iliyogonga ghorofa hapa, kwa hiyo ni kelele tu. Tarehe 2 Julai 2014 ndege ya mizigo aina ya Fokker 50 iliyobeba miraa iliondoka JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, kwenda Mogadishu, injini ikaleta hitilafu, ikaangukia jengo la biashara kule mtaa wa Utawala. Wote wanne waliokuwa ndani walikufa. Sisemi jengo lile ndilo lililoiangusha. Nasema rubani aliyepoteza injini anahitaji nafasi mbele yake, na nafasi hiyo ndiyo tunayoijaza vyumba vya kupangisha. Hapo Wilson ndipo zinapotoka ndege za madaktari wa AMREF zinazokwenda kuchukua mgonjwa mahututi usiku.

Na tukiwa bado hapo, taka pia zitazamwe. Karibu na njia ileile ya ndege watu wanamwaga matumbo ya kuku na mabaki ya hoteli, na kila jioni mwewe na korongo wanazunguka juu yake. Ndege mmoja mkubwa akiingia kwenye injini ni hatari sawa na ghorofa. Mume wangu aliwahi kunionyesha kioo cha rubani kilichopasuliwa na mwewe. Gari la taka lilikuwa likipita Jumanne na Ijumaa. Siku hizi linapita likitaka.

Naomba mambo matatu. Ramani ya vimo ibandikwe katika ofisi ya kila chifu anayepakana na uwanja, na kila bango la mjengo liandikwe kimo kilichoruhusiwa kwa mita kutoka usawa wa bahari, kwa tarakimu ambazo mtu aliye ng'ambo ya barabara anaweza kuzisoma. Kisha mpima ardhi wa serikali apime kabla slabu ya tatu haijamwagwa, si baada ya paa. Leo vyumba vya jengo lile vinauzwa hata kabla havijapigwa plasta, na wanaonunua ni vijana wenye mikopo ya miaka ishirini. Amri ya kubomoa ikija, mwenye mjengo atakuwa ameshapokea pesa zake, na wao ndio watakaobeba magodoro kwenda kulala kwa jamaa.

Jingine ni dogo. Taa nyekundu iliyo juu ya jengo refu la pembeni mwa barabara yetu imezimika tangu Machi. Naomba iwashwe kabla ya mvua za vuli, maana mawingu ya Novemba hushuka sana.

Bibi wa Lang'ata,
Nairobi